Mbwa mgeni, paka mwenyeji: uwaachie wenyewe, banda la wavu, au kuwatenga kwa mlango?

Huku Dodoma mbwa wazima wanahama mikono sana na sababu yake inajulikana, tangu serikali ianze kuhamia 2016 mji umejaa watu wa uhamisho, leo mtu yuko Ilazo au Kisasa na mbwa wake wa ulinzi, kesho barua imetoka anatakiwa Kigoma, mizigo inapanda kwenye lori na mbwa anatafutiwa wa kumchukua. Kwahiyo wengi wetu hatuanzi na mtoto wa mbwa, tunaletewa mbwa wa miaka miwili mitatu mwenye tabia zake tayari, na anaingia kwenye nyumba yenye paka. Na paka wa huku sio pambo jamani, yule ndo anafanya gunia la mtama na la karanga lifike Desemba bila panya kulimaliza, akikimbilia kwa jirani kwa kumwogopa mbwa umepata hasara ya kweli, hapo sijagusa kwamba watoto wanampenda na wewe mwenyewe unampenda.

Njia ambazo watu wanatumia ni tatu. Kuna kuwaachia wazoeane wenyewe, kuna kumweka mbwa kwenye banda la wavu uani ili waonane bila kugusana, na kuna kuwatenganisha kwa mlango ndani ya nyumba. Msimamo wangu nauweka wazi mapema: kwa nyumba nyingi za huku, zenye ua na mbwa anayelala nje, banda la wavu linazishinda zote. Mlango ni wa mpangaji wa vyumba au mtu ambaye mbwa wake ataishi ndani. Kuwaachia tu siishauri kwa mbwa mzima hata kama aliyekupa kaapa kwamba ni mpole.

Kwanza dawa, maana hapa ndo paka wengi wanakufa bila mbwa hata kuwagusa

Mbwa akifika kitu cha kwanza watu wanafanya ni kumuogesha kupe na viroboto, na kwa sababu sisi ni mkoa wa mifugo, dawa iliyo karibu ni ile ya kuogeshea ng'ombe. Hizo dawa nyingi zina sipamethrini au amitrazi, na kuna nyingine za viroboto za mbwa zenye pamethrini. Paka mwili wake hauwezi kuzivunja hizo kemikali kama mbwa anavyofanya, akipakwa, au akijisugua kwa mbwa ambaye dawa bado iko kwenye manyoya alafu akajilamba, anaanza kutetemeka, kudondosha mate, kupata degedege na anaweza kufa. Hata mbwa mwenyewe ukimkorogea kwa vipimo vya ng'ombe unamuumiza. Nenda kwa daktari wa mifugo umwambie kabisa "nyumbani nina paka pia", akupe dawa ambayo haitamdhuru yeyote kati yao. Wote wawili wapewe na za minyoo.

Alafu chanjo ya kichaa cha mbwa. Mbwa anachanjwa kuanzia miezi mitatu na anarudiwa kila mwaka, na paka naye achanjwe, mana anaambukizwa vilevile na anaambukiza vilevile. Mbwa uliyepewa bila kadi ya chanjo mhesabu kama hajachanjwa, usikubali maneno ya mdomo. Anaweza kubeba virusi wiki kadhaa hadi miezi bila kuonyesha kitu, ndo mana siku za mwanzo kumtenga kunakusaidia mara mbili, unamzoesha na huku unamchunguza. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, kipindi hicho tega sikio matangazo ya kata yako. Na kama katika purukushani za kuwazoesha mtu akang'atwa au akaparuliwa, kidonda kioshwe hapohapo kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15, alafu hospitali siku hiyohiyo, sio kuweka mafuta ya taa wala tumbaku. Dalili zikishaanza kwa binadamu huo ugonjwa hauna kupona.

Kuwaachia wazoeane

Hii ndo ya wengi. Mbwa anashushwa kwenye kirikuu, anafunguliwa kamba, watoto wanashangilia, paka yuko juu ya kichanja cha vyombo anaangalia, na baba mwenye nyumba anasema waacheni wajuane. Haina gharama, haina ratiba, na kuna nyumba imefanya kazi kweli ndo mana kila ukiipinga anatokea mtu anasema mbona wa kwangu wanalala pamoja. Ila mdadisi vizuri mtu huyo, mara nyingi utakuta mbwa alikuja akiwa mdogo sana, au alitoka nyumba yenye paka, au paka wake ni lile jike kongwe ambalo halikimbii mtu.

Shida ya hii njia iko kwenye mbio. Paka akishtuka anakimbia, na kitu kidogo kinachokimbia kinamwamsha mbwa yeyote, hata yule mpole wa kulishwa mkononi na mtoto, maana kufukuza ni damu yake. Na kila akifukuza na paka akatoweka, mbwa amepata raha, kesho atarudia kwa nguvu zaidi, kwahiyo unadhani wanazoeana kumbe unamfundisha mbwa mchezo ambao kuja kumwondolea ni kazi ya miezi. Upande wa paka ni mbaya zaidi. Kuta zetu nyingi juu zina vipande vya chupa, paka anayepanda kwa utulivu anajua pa kukanyaga lakini anayekimbiza roho yake hachagui, anachanika. Kwenye viwanja ambavyo bado ni uzio wa minyaa anapenya humohumo na ule utomvu ukimuingia machoni ni balaa. Na mbwa naye hajasalimika, paka akibanwa kwenye kona anaenda na kucha moja kwa moja kwenye macho.

Nikiulizwa lini hii inafaa nitasema kwa mtoto wa mbwa wa wiki nane mpaka kumi na mbili hivi, na paka mkubwa asiyeyumba, na wewe ukiwa umekaa palepale unaangalia. Umri huo mbwa bado yuko kwenye dirisha la kujifunza nani ni mwenzake na nani sio, dirisha ambalo linafunga taratibu kuanzia wiki ya kumi na mbili, kumi na nne hivi, na kofi moja la paka puani linamfundisha adabu ya kudumu. Ila hata hapo mwangalie paka, mtoto wa mbwa ana vurugu, anamrukia mwenzie kutwa nzima mpaka paka anahama nyumba kwa kuchoka tu.

Banda la wavu uani

Hapa mbwa anakaa bandani ambako upande mmoja ni wavu, paka anaendelea na maisha yake uani na ndani, na wanazoeana kwa kuonana na kunusiana wakati hakuna anayeweza kumfikia mwenzie. Uzuri wake ni kwamba inaendana na tunavyoishi. Mbwa wetu wengi wanalala nje, banda lingejengwa tu, kwahiyo unachoongeza ni akili ya wapi na vipi. Mabaki ya mbao za kenchi, wavu, bati mbili na fundi wa nusu siku, imeisha.

Kwenye wapi nakazia kwanza. Usilijenge kwenye njia ya paka. Kila paka ana barabara zake, anatokea dirisha la jikoni, anapita chini ya tenki, anapanda kwenye ukuta sehemu ileile kila siku, sasa ukiweka banda pale umemfungia nyumba yake mwenyewe. Mchunguze kwanza siku moja mbili kabla mbwa hajaja. Alafu kivuli, maana Oktoba na Novemba bati la Dodoma linachoma na mbwa anayechemka hana subira na kiumbe yeyote, chini ya mwarobaini ndo penyewe, maji yasikosekane. Wavu uwe wa matundu madogo, ule wenye matundu mapana paka anaingiza mkono na mbwa anatoa pua, mnaanza na damu.

Siku za kwanza funika ule upande wa wavu kwa gunia. Wasikiane, wanusiane, wasionane. Paka akishaanza kupita karibu akiwa anatembea kawaida, mkia wake haujavimba, halambi midomo kwa wasiwasi, unakunja gunia kidogo, kesho kidogo tena. Muda mzuri ni jioni jua limepoa, na mbwa awe ameshatembezwa, mbwa aliyefungiwa tangu alfajiri ukimletea paka mbele ya wavu nguvu zote alizotunza zinaishia pale. Wakati huo wape chakula wote wawili wakiwa wanaonana kwa mbali, umbali ambao paka bado anakula. Hicho ndo kipimo. Paka akiacha kula umesogeza mno, rudisha nyuma. Na mbwa kila akimtazama paka alafu akageuza macho kukuangalia wewe, mpe dagaa hapohapo, usisubiri, unamlipa kwa kuacha.

Udhaifu wake upo. Inataka ua, inataka mtu wa kushinda nyumbani angalau jioni, na kama ni nyumba yenye dada wa kazi na watoto lazima wote waelewe mpango, mtoto mmoja tu akifungua banda kwa huruma kazi ya wiki mbili imeharibika. Pia kuna watu wakishajenga banda wanaona imetosha, mbwa anabaki humo miezi akimbwekea paka kupitia wavu kutwa, hapo hakuna kuzoeana, hapo chuki inapikwa.

Kuwatenga kwa mlango

Hii ni ya ndani. Mmoja anakaa chumba kimoja, mwingine nyumba iliyobaki, na wanaanza kujuana kwa harufu kabla ya sura. Unachukua kitambaa kikuukuu, unampangusa nacho paka mashavuni ambako ndo kuna harufu yake ya kujitambulisha, unakiweka anapolala mbwa, na cha mbwa unakipeleka kwa paka. Bakuli zao zinawekwa pande mbili za mlango, kwanza mbali, kila siku karibu kidogo. Baadae unawabadilishia vyumba kwa saa moja mbili ili kila mmoja azunguke kwenye harufu ya mwenzie akiwa peke yake. Mwisho unafungua mlango kiasi, mbwa akiwa kwenye kamba.

Kwa paka hii ndo njia ya upole kuliko zote, na kwa paka mwoga, mzee au mgonjwa ningeichagua hata kama nina ua mkubwa. Atakuwa na sanduku la mchanga, maji, chakula na mahali pa kujificha, hana haja ya kupita mbele ya mbwa hata mara moja. Kwenye chumba na sebule cha kupanga ndo inayowezekana pia, wapangaji wenzio hawawezi kukuvumilia banda kwenye ua wa kushirikiana, na mwenye nyumba muombe ruhusa kabla ya mbwa kuja.

Inaposhindwa ni pale ambapo mbwa hataishi ndani. Hapo unapoteza nguvu bure, umewazoesha sebuleni alafu mbwa anahamishiwa nje, na nje mbwa huyohuyo anakuwa mbwa mwingine, ana geti la kulinda, ana watu wa kubwekea, damu inachemka, na paka uliyemzoesha akiwa mtulivu kwenye zulia anamkuta yuko mbio. Mbwa anazoea jambo pale alipolizoelea, hilo watu wengi hawalijui. Kama ni wa nje, mzoeshe nje. Na kuna nyumba nyingi huku ambazo kwa imani au kwa malezi mbwa haingii ndani kabisa, kwa hizo mjadala wa mlango umeisha hapohapo, banda.

Kamba sio njia ya nne

Kuna wanaosema ntamshika kwa kamba tu siku ya kwanza wakutane. Kamba ni hatua ya mwisho ya banda na ya mlango, sio mbadala wake. Ukiivuta kwa nguvu kila paka akitokea mbwa anajifunza kwamba paka akija shingo inabanwa, kwahiyo paka ni mbaya. Iache ilegee, simama mbali, paka awe huru kuondoka na awe na pa kupanda, kichanja, ngazi, ubao uliopigiliwa ukutani. Na chonde, hakuna kumbeba paka mikononi kumpeleka usoni kwa mbwa eti "ona rafiki yako", watoto wanapenda sana hii, atawachana watoto kabla hajamchana mbwa.

Katika hatua hii macho yawe kwa mbwa zaidi. Anayebweka na kuchezacheza wala sio wa kutisha sana. Mwogope aliyenyamaza ghafla, mwili umekaza, masikio mbele, mdomo umefungwa, macho hayabanduki kwa paka na ukimwita jina hasikii. Huyo yuko kwenye mawindo. Mgeuze, mwondoe, jaribu kesho kwa umbali mara mbili. Wakishikana usiingize mkono, mwagia ndoo ya maji au watupie blanketi.

Usiku

Hapa ndo naona mipango mizuri inavunjika, kwenye njia zote tatu. Desturi yetu mbwa anafungiwa mchana na kufunguliwa usiku alinde. Na paka usiku ndo anatoka kuwinda. Yaani unawasimamia vizuri kwa nusu saa jioni alafu unawaachia saa nane za giza wakiwa wawili tu uani, mbwa akiwa kazini na kila kinachotembea kwake ni mwizi. Kwahiyo mpaka uwe na uhakika nao, paka akishakula jioni anafungiwa jikoni au stoo na mchanga wake mpaka asubuhi. Atalia siku za mwanzo, mvumilie, tena stoo si ndo kwenye panya. Kama paka wako ni wa kutotii na hafungiki, basi mbwa ndo alale bandani kwa wiki hizo na geti ulifunge vizuri. Siku ya kuwaachia usiku kwa mara ya kwanza isiwe kabla hujawaona mchana mara nyingi wakipishana uani bila mmoja kukimbia na mwingine kufuata.

Uangalie na mbwa mwenyewe

Kabla hujachagua njia, muulize anayekupa mbwa aliishije. Aliyetoka nyumba yenye paka na kuku wanaotembea ovyo ni zawadi, banda la wiki mbili tatu mara nyingi linamtosha. Aliyekuwa anaenda na vijana porini kuwinda sungura na digidigi, wale wa vijijini huko, ni mbwa mzuri na mwaminifu lakini amefundishwa kukamata na kuua kitu cha saizi ya paka, huyo mimi ningemkataa kama nina paka, na ukimchukua jua kabisa kwamba hataachwa na paka bila mtu maisha yake yote. Aliyekuwa kwenye mnyororo kutwa nzima mpe muda mrefu zaidi, kwanza ajifunze kutulia na wewe ndo umlete paka kwenye hadithi.

Kwa paka, angalia tumbo na mkojo. Paka aliyeacha kula zaidi ya siku mbili kwa hofu ini lake linaweza kuharibika, sio deko hiyo, mpeleke kwa daktari. Dume anayechuchumaa mara kwa mara na mkojo hautoki ni dharura ya siku hiyohiyo, na wasiwasi wa kuletewa mbwa ni kati ya vitu vinavyochangia. Bakuli lake pia lihamie juu, mbwa akimlia chakula kila siku paka anakonda na wewe unadhani ni huzuni. Na mchanga wake ufiche, mbwa wanakula vinyesi vya paka, hawana aibu.

Muda inaochukua haufanani, wengine wiki chache, wengine miezi. Kutopendana sio kushindwa, ukiwakuta wanapishana uani kila mtu na njia yake umefanikiwa tayari, sio lazima walale pamoja. Ila kama miezi miwili mitatu imepita, umefuata hatua, na mbwa bado akimwona paka anakaza mwili na hasikii jina lake, usiendelee kubahatisha na uhai wa paka aliyekuwepo kwanza. Mtafutie mbwa nyumba isiyo na paka, kuna wenye mashamba na yadi kuelekea Ihumwa na Nzuguni wanatafuta mbwa wazima wa ulinzi kila siku, na unapomkabidhi mpe na kadi ya chanjo na umwambie ukweli kwamba huyu anafukuza paka, asije akampeleka kwenye nyumba ambako yote haya yataanza upya.